Paneli ya Sola: Kabla Hujanunua, Uliza Itakaa Juu ya Paa la Nani



Ndugu msomaji, tangu mwaka 2025, familia za nyumba za zamani za reli hapa Makongeni zilipoambiwa zihame ili nyumba mpya zijengwe, kuna swali moja ambalo limenifikia mara nyingi kwenye jumuiya ndogo ndogo. Mtu amepata pesa kidogo, au zamu yake ya chama imefika, naye anauliza: "Mwalimu, ninunue sola gani?" Wengine wamepanga chumba mtaa wa pili. Wengine wamerudi ushago. Wote wamepita Luthuli Avenue na River Road, wakaona paneli zinafanana lakini bei hazifanani.

Naandika haya kwa sababu ya mama mmoja wa jumuiya yetu. Alinunua paneli iliyoandikwa wati 200 ili aiweke kwenye nyumba yake ya mashambani. Muuzaji alimtolea mita, akampimia mbele ya macho yake: "Mama, angalia mwenyewe, volti 21. Hii ni moto." Mama akalipa. Kufika nyumbani, televisheni ilikuwa ikizimika kabla habari hazijaisha. Alipokuja kwangu tulichukua futi ya kupimia. Paneli ilikuwa na urefu wa sentimita 70 na upana wa sentimita 50. Nikamwambia ukweli: kifaa cha ukubwa huo hutoa kama wati 70, hakiwezi kufika wati 200 hata kingetengenezwa na nani. Pesa ya chama ilikuwa imekwenda, na risiti hakuwa nayo.

Kwa hiyo tuelezane pole pole, hatua kwa hatua.

1. Kwanza linganisha nyumba, si paneli

Hili ndilo jambo ambalo watu wengi huliruka. Tuchukue familia yenye taa 4 za LED za wati 5, zinazowaka masaa 5: hiyo ni 4 mara 5 mara 5, yaani 100. Televisheni ndogo ya wati 30 kwa masaa 4 ni 120. Simu tatu ni kama 30. Redio ya wati 5 kwa masaa 6 ni 30. Jumla ni wati-saa 280 kwa siku.

Yuniti moja ya stima ni wati-saa 1,000. Basi familia hii inatumia kama yuniti 8.4 kwa mwezi. Tazama risiti yako ya tokeni uone yuniti moja umeinunua kwa bei gani. Tukisema kwa mfano ni shilingi 25, hiyo ni shilingi 210 kwa mwezi. Sasa, ukikopa shilingi 24,000 ununue sola ili uepuke kulipa shilingi 210 kwa mwezi, itakuchukua zaidi ya miaka 9 kurudisha pesa yako. Na kabla ya hapo, betri ya kawaida itakuwa imeshakufa.

Kwa hiyo mimi humwambia mpangaji wa Eastlands aliye na stima: usichukue mkopo wa sola kwa kudhani utaua bili. Kama shida yako ni stima kupotea, na tunakumbuka giza la nchi nzima usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, taa moja au mbili ndogo za kuchaji kwa jua zinatosha mtoto asome. Hizo utazibeba siku ya kuhama.

Nyumba ya ushago isiyo na stima ni habari nyingine. Pale unashindana na mafuta ya taa, moshi kwenye macho ya watoto, na kulipia kuchaji simu sokoni. Pale sola inajilipa mapema, na paa ni lako.

2. Paneli ya wati ngapi?

Turudi kwa zile wati-saa 280. Umeme mwingine hupotea njiani, kwenye waya, betri na joto, hivyo gawanya kwa 0.7. Unapata 400. Sasa uliza jua. Jua linaonekana mchana kutwa, lakini mafundi huhesabu masaa ya jua kamili tu. Hapa Nairobi, mwezi wa Februari tunapata kama masaa 6. Julai, mwezi wa baridi na mawingu, ni kama masaa 4. Panga kwa Julai, si kwa Februari. Gawanya 400 kwa 4, unapata paneli ya wati 100. Hiyo ndiyo saizi ya familia hii.

Angalia pia vitu ambavyo havifai kwenye sola ndogo: pasi, birika la umeme, koili ya kupikia. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa moja inakula umeme ambao familia hii ingetumia kwa zaidi ya siku tatu. Nguo zipigwe pasi kwa makaa.

3. Aina za paneli

Kuna tatu ambazo utakutana nazo.

Mono: ni nyeusi, rangi moja. Hugeuza kama sehemu 18 mpaka 22 kwa mia ya mwanga kuwa umeme. Siku hizi ndiyo inayopatikana zaidi.

Poli: ni ya bluu yenye madoa-madoa kama barafu iliyovunjika. Hutoa kama sehemu 15 mpaka 17 kwa mia. Si mbaya. Inahitaji nafasi kubwa kidogo kwa wati zile zile. Kama paa lina nafasi na bei ni ya chini, chukua bila wasiwasi.

Amofasi: ni kioo cha rangi ya kahawia nzito chenye mistari myembamba. Ilisambaa sana Kenya miaka ya tisini kwa sababu ilikuwa rahisi. Hutoa kama sehemu 5 mpaka 8 kwa mia, na miezi ya kwanza juani hupungua nguvu. Mwaka 1999 watafiti walipima paneli za aina hii zilizokuwa zikiuzwa nchini, wakakuta nyingine ziko sawa, na nyingine zilitoa umeme mdogo sana kuliko ulioandikwa. Somo ni kwamba maandishi ya nyuma ni ahadi tu.

Watu huuliza, "Si mono ni bora?" Paneli ya mono ya wati 100 na ya poli ya wati 100 zote ni wati 100. Tofauti ni nafasi kwenye paa. Usilipe zaidi kwa sababu ya jina tu.

4. Jinsi ya kuipima dukani

Futi. Mita moja ya mraba ya paneli nzuri ya mono hutoa kama wati 200. Basi zidisha urefu kwa upana, halafu zidisha kwa 200. Paneli ya wati 100 ya kweli ni kama nusu mita ya mraba. Ukioneshwa "wati 300" yenye ukubwa wa sinia ya chai, sema asante na uondoke.

Karatasi ya nyuma. Tafuta volti za kazi (Vmp) na ampea za kazi (Imp). Zidisha. Kwa mfano 18 mara 5.56 ni 100. Kama hesabu haifiki wati zilizoandikwa, karatasi hiyo inajikana yenyewe. Tafuta pia namba za viwango IEC 61215 na IEC 61730, na namba ya paneli yenyewe.

Mita. Hapa ndipo mama yetu alipopotezwa. Paneli ya wati 10 na ya wati 100 zote zinaweza kuonesha volti 21 au 22. Volti ni kama urefu wa tangi la maji. Haikwambii bomba ni nene kiasi gani. Mwambie muuzaji apime ampea, nje, juani, karibu saa sita mchana. Zikaribiane na zile zilizoandikwa Isc. Akikataa, umeshapata jibu.

Dhamana. Paneli nzuri huwa na dhamana mbili: ya kifaa chenyewe, mara nyingi miaka 10 au 12, na ya nguvu, kwamba baada ya miaka 25 bado itatoa kama sehemu 80 kwa mia. Lakini dhamana ya miaka 25 kutoka kwa mtu anayeuza kwenye mkokoteni ni maneno. Nunua penye mlango, upewe risiti yenye namba ya paneli.

5. Paa lenyewe

Kivuli. Ndani ya paneli vipande vimeunganishwa kimoja baada ya kingine, kama watu wanaopokezana ndoo. Mmoja akisimama, wote wanasubiri. Kivuli cha tangi, antena au kamba ya nguo kwenye kona moja kinaweza kupunguza sehemu kubwa ya umeme. Mtaani kwetu, ghorofa ya jirani inaweza kukunyima jua nusu siku. Panda uangalie asubuhi, mchana na jioni kabla ya kufunga.

Mwelekeo. Nairobi iko kusini kidogo ya Ikweta, na miezi ya baridi jua hupita upande wa kaskazini. Inamisha paneli kidogo kuelekea kaskazini. Kwa paneli ya urefu wa mita 1, inua upande wa kusini kama sentimita 18, na mvua itaosha vumbi. Siaya, Busia au Kakamega, karibu kabisa na Ikweta, mwelekeo hauleti tofauti kubwa, lakini mwinamo uwepo.

Joto. Jua kali si rafiki kamili. Wati zilizoandikwa zimepimwa paneli ikiwa na nyuzi 25 za joto. Juu ya mabati inaweza kufika 65, na hapo hupoteza kama sehemu 16 kwa mia. Acha nafasi ya sentimita 10 chini yake hewa ipite.

Kutoboa. Funga kwenye mbao, si kwenye bati peke yake, na uzibe matundu. Paa la asbestosi usilitoboe kamwe, vumbi lake huharibu mapafu. Na kama ni nyumba ya kupanga, pata ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi, ikiseme wazi kwamba paneli ni yako na utaondoka nayo. Nimeona mpangaji na mwenye nyumba wakigombana mbele ya lori la kuhamia.

6. Betri, waya na fundi

Paneli ndiyo inayodumu. Betri ndiyo inayokufa. Betri ya maji au ya jeli ya ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini utumie nusu tu, la sivyo inaharibika mapema. Ile ya lithiamu ya ampea-saa 50 ina kama 640, na unaweza kutumia sehemu 80 kwa mia. Kwa familia yetu zote mbili zinatoa karibu siku mbili. Lithiamu ni ghali kuinunua, lakini huishi miaka mingi zaidi. Betri ya gari si ya kazi hii.

Betri kuu-kuu usiivunje na usiichome. Risasi iliyo ndani ni sumu. Watu wa Owino Uhuru kule Mombasa waliumia kwa sumu hiyo kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri, na mwaka 2020 mahakama iliamua walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3.

Weka kontrola kati ya paneli na betri, na waya nene, milimita 4 za mraba au zaidi. Waya mwembamba hula umeme na unaweza kuwaka moto. Kanuni za mwaka 2012 zilipanga mafundi wa sola kwa leseni za T1, T2 na T3: T1 kwa mitambo midogo ya nyumbani, T3 kwa mikubwa na ile inayoungwa na stima. Mwambie fundi akuoneshe leseni yake ya EPRA. Haimvunjii heshima.

7. Kulipa pole pole

Tangu kampuni ya M-KOPA ilipoanza mwaka 2012, familia nyingi zimepata sola kwa kulipa kidogo kidogo kwa simu, na kampuni nyingine zikafuata. Ni msaada, lakini fanya hesabu. Amana ya shilingi 3,000 na shilingi 50 kila siku kwa siku 420, jumla ni shilingi 24,000. Uliza vifaa hivyo hivyo kwa pesa taslimu ni ngapi. Tofauti ndiyo bei ya kusubiriwa. Uliza pia: nikikosa kulipa wiki mbili, taa zinazimwa? Chama kinaweza kukukopesha kwa riba ya chini kuliko hiyo.

Ndugu, Bwana wetu alisema habari za mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza ahesabu gharama. Papa Fransisko naye, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, alituomba tuitunze dunia kama nyumba yetu ya pamoja. Sola ni njia moja nzuri. Lakini haitunzi nyumba ya pamoja kama inaangusha nyumba yako.

Yule mama bado anaitumia paneli yake. Tulipiga hesabu upya: taa nne, simu na redio, televisheni hapana. Kwa hivyo inatosha, na wajukuu wanasoma usiku. Ila alilipa bei ya wati 200. Siku hizi mtu wa jumuiya akienda kununua, yeye ndiye anayemsindikiza, na futi iko kwenye kikapu.