Sondu na njia za kuwa mhandisi: C- si mwisho wa safari

Msomaji wa Likoni au Malindi atauliza Sondu inamhusu nini. Ni mji mdogo wenye soko maarufu, mpakani mwa Kisumu na Kericho. Katika eneo hilo maji ya mto Sondu-Miriu yanageuzwa, yanapitishwa ndani ya handaki la kilomita 6 hivi, kisha yanaporomoka kwa bomba hadi kwenye turbini 2 za KenGen zenye uwezo wa megawati 60. Kituo kilianza kazi mwaka 2008. Maji yakitoka hapo hayaachwi bure, yanapelekwa Sang'oro kuzalisha megawati nyingine zipatazo 20.

Nimekichagua kituo hiki kwa sababu kinaonyesha jambo ambalo wazazi husahau matokeo ya KCSE yanapotoka. Handaki ni kazi ya mhandisi wa ujenzi, turbini ni za mhandisi wa mitambo, jenereta ni za mhandisi wa umeme. Lakini anayefungua mtambo, anayebadilisha beringi, anayechomelea chuma kilicholiwa na mchanga wa mto, huyo mara nyingi hakupitia chuo kikuu. Na bila yeye taa hazitawaka.

Njia ya shahada ni miaka 5. Yataka angalau C+, na alama nzuri za hisabati, fizikia na kemia. Mwana aliyeacha fizikia kidato cha tatu kwa kuiona ngumu amejifungia mlango huo kabla hajaufikia. Kwa walio kwenye mtaala mpya uamuzi unakuja mapema zaidi, wakati wa kuchagua mkondo wa STEM kuingia Gredi ya 10.

Aliyepata C- anaweza kusoma diploma ya uhandisi. Mwenye D yuko cheti cha ufundi, na chini ya hapo kuna kozi za mafundi wa mikono. Kisumu ina chuo chake cha kitaifa cha ufundi. Sisi tuna TUM, ambacho wazee wetu walikijua kama MIOME tangu mwisho wa miaka ya 1940, kilipojengwa kuwafunza ufundi vijana Waislamu wa Afrika Mashariki. Yaani elimu hii si ngeni kwetu, tumeipa kisogo tu. Hata fundi wa jua kali aliyejifunza gereji anaweza kufanya mtihani wa NITA akapata cheti, na mwenye diploma nzuri anaweza kuomba shahada baadaye.

Sasa lile linaloumiza watu. Shahada peke yake haikufanyi mhandisi kisheria. Ni lazima usajiliwe na Bodi ya Wahandisi, EBK, kwanza kama mhandisi mhitimu, kisha baada ya miaka isiyopungua 3 ya kazi na kutahiniwa, mhandisi kamili. Mafundi wa diploma na cheti wana bodi yao, KETRB, iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Wahitimu zaidi ya 100 walionyimwa usajili kwa sababu kozi zao hazikutambuliwa walilazimika kwenda mahakamani, na kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, iliyotoa uamuzi mwaka 2018. Miaka ile hakuna wa kuwarudishia.

Kwa hivyo, mzazi, usitosheke na jina la chuo. Uliza kozi yenyewe, kwa jina lake, kama imo kwenye orodha ya EBK, na uulize kabla ya kulipa karo ya muhula wa kwanza.