Walumbe Naye Apewe Nafasi ya Kujieleza

Katika Buganda hapana mtoto aliyelelewa karibu na moto wa bibi yake asiyemjua Kintu, mtu wa kwanza, na ng'ombe wake mmoja. Wala asiyemjua Nambi, binti Ggulu, aliyeshuka naye kutoka mbinguni. Na kila amjuaye Kintu amjua pia Walumbe, kaka yake Nambi, ambaye ndiye Mauti. Kisa hiki kilikwisha kutiwa kitabuni zamani; mmisionari John Roscoe alikiandika katika kitabu chake juu ya Waganda, kilichotoka mwaka 1911. Lakini katika masimulizi yote tuliyopata kuyasikia, Kintu ndiye mdai na Walumbe ndiye mshitakiwa, tena mshitakiwa asiye na mtetezi.

Tulipokuwa katika chuo cha maofisa, mkufunzi wetu alizoea kutuamuru tuzunguke upande wa pili wa ramani iliyofinyangwa kwa mchanga, tuitazame ardhi kwa jicho la adui. Wapo pia waandishi waliofanya hivyo kwa hadithi za kale. Mwaka 1971 Mmarekani John Gardner alitoa riwaya ambamo Grendel, zimwi la utenzi wa kale wa Waingereza, ndiye asimuliaye. Basi na sisi leo tumpe Walumbe kiti, tumsikilize.

"Mimi ni mwana wa Ggulu," angeanza, "naye Nambi ni ndugu yangu wa damu. Siku aliyopewa mume sikuwapo nyumbani. Baba aliwahimiza waondoke upesi kabla sijarudi, akawakataza wasigeuke nyuma hata wakisahau kitu. Ni harusi gani hii ambayo kaka wa bibi harusi hufichwa? Walichukua kuku, mbuzi, kondoo na mgomba, wakauacha ulezi wa kuku. Ni ule ulezi uliowarudisha, nami ndipo nilipopata habari. Nilimfuata dada yangu kwa sababu ni dada yangu. Sikwenda na mkuki."

Hapa yafaa tusimame kidogo, maana wasimulizi hawapatani. Wengine husema aliyerudi kuutwaa ulezi ni Nambi, wengine husema ni Kintu mwenyewe, tena baada ya mkewe kumsihi asirudi. Tumeona kwamba wanaume wakisimulia, mara nyingi mwenye kusahau na mwenye kurudi ni mwanamke yule yule.

"Nilikaa kwao nikiwa peke yangu. Watoto wakazaliwa wengi. Nikamwomba shemeji anipe mmoja tu, binti wa kunipikia. Akasema, Ggulu akija kumwuliza mtoto yuko wapi, atajibu nini? Nikanyamaza. Nikaomba mara ya pili, akakataa. Ndipo nilipomwambia kuwa nitawaua."

Msomaji asiyejua mila ataona ombi hili kuwa kisingizio cha muuaji. Lakini kwa desturi ya zamani ya Waganda, kaka wa mke alikuwa na haki juu ya watoto wa dada yake, na baba alitakiwa kuwakomboa kwake. Walumbe alikuwa mjomba. Alidai kilicho chake, na Kintu hakumpa mtoto wala fidia. Hatusemi kwamba haki iliyonyimwa humhalalishia mtu kuua watoto. Mahakama yoyote ya kijeshi ingemtia hatiani. Hata hivyo mahakama hiyo hiyo ingeandika katika kumbukumbu zake kwamba ugomvi haukuanzwa na mshitakiwa peke yake.

Watoto walipoanza kufa, Kintu alipanda kwa Ggulu kulalamika, na Ggulu, baada ya kumkumbusha onyo lake, akamtuma ndugu mwingine, Kayikuuzi, aende kumkamata Walumbe. Hii ndiyo sehemu tuipendayo kuliko zote, na wenzetu wa kazi wataelewa. Kayikuuzi alitoa amri bora kabisa: watu waweke akiba ya chakula na kuni, wasitoke nje, na atakayemwona Walumbe asipige kelele. Walumbe alizama ardhini, Kayikuuzi akachimba nyuma yake. Mahali panapoitwa Ttanda, katika Mityana, yapo mashimo marefu yaingiayo ardhini wima, na wenyeji huonyesha kuwa ndiyo njia ya msako ule.

"Nilichoka," angesema Walumbe. "Nilitoka Ttanda kwa kuwa kulikuwa kimya, nikadhani wamenisahau. Nikaona watoto na mbuzi wao. Walinitazama, nami nikawatazama. Walikuwa watoto wa dada yangu. Kisha wakapiga yowe."

Amri ilivunjwa na watoto waliochoka kufungiwa ndani. Walumbe akarudi chini; Kayikuuzi akakasirika, akasema amechoka, akarejea mbinguni. Kintu naye akatamka kwamba Walumbe na aue apendavyo, hatawamaliza watoto wake, kwani watazidi kuzaliwa.

Kazi yetu jeshini hutulazimu mara kwa mara kuandaa tangazo la kifo, na mara nyingine kulipeleka wenyewe hadi nyumbani kwa marehemu. Tumekwisha kukaa katika nyua nyingi za namna hiyo. Mzee mmoja wa Kiganda, tulipomaliza kumsomea karatasi yetu, alituuliza kama tumekula, akaamuru tuletewe matoke. Hatukujua tufanye nini, tukala. Baada ya miezi kadhaa tulialikwa tena kwa sherehe ya kwabya olumbe, ambapo mrithi huvishwa vazi la gome la mti na kukabidhiwa mkuki. Neno hilo olumbe limo ndani ya jina la Walumbe. Mrithi alikuwa kijana wa miaka kumi na mitatu hivi. Mjomba wake alisimama karibu naye, akimrekebishia lile vazi lililokuwa likimteleza begani.