Krismasi: Kuhifadhi alama ya kiganja cha mtoto penye unyevu wa Kericho

Shule zinapofungwa mwishoni mwa mwaka, watoto wa chekechea katika maeneo ya chai ya Kericho na Bomet hukaa nyumbani kwa majuma kadhaa, nao wazazi hutafuta la kuwashughulisha. Shughuli moja isiyohitaji fedha nyingi ni kutengeneza pambo la Krismasi litakalowekwa kama kumbukumbu: kisahani cha unga kilichobeba alama ya kiganja cha mtoto.

Huchanganywa vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi na kikombe 1 cha maji. Donge hukandwa hadi lilainike, kisha husukumwa kama chapati nene. Mtoto hukandamiza kiganja chake, na tundu la uzi hutobolewa kwa kijiti. Kidole kikienda upande, kiachwe hivyo. Mzazi anayeisawazisha alama hiyo hubaki na kazi yake mwenyewe, si ya mwanawe.

Ugumu huanzia hapo. Maelezo mengi ya kazi hii yaliandikwa kwa ajili ya nyumba zenye joveni na hewa kavu. Kericho iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na mvua hunyesha takriban kila mwezi. Chumvi hufyonza unyevu wa hewani. Kisahani kilichokauka juujuu tu hulegea baada ya muda, kikaota kuvu, na kumbukumbu ikaishia jaani.

Kwa hivyo kikaushwe polepole kivulini kwa siku kadhaa, kikigeuzwa kila siku, kisha kiwekwe kando ya meko, si juu ya moto, kwani joto la ghafla hukipasua. Kikigongwa kwa ukucha na kutoa mlio mkavu, kipakwe vanishi mara mbili, pande zote na ndani ya tundu. Hiyo ni kazi ya mtu mzima. Baada ya sikukuu kifungwe kwa gazeti na kuwekwa ndani ya mkebe wenye kifuniko, maana panya na mende hupenda unga. Mfuko wa plastiki haufai. Hufungia unyevu ndani.

Rangi ipo tele. Chai ya rangi iliyochemshwa hadi ikolee, ile iitwayo turungi, ina tanini ambayo huipa karatasi na kitambaa hudhurungi ya kupendeza. Ikishapoa, mtoto anaweza kuchovya karatasi ya kadi humo. Majani mawili na chipukizi, kama yachumwavyo shambani, yakikandamizwa kati ya magazeti kwa majuma mawili hubandikwa juu ya kadi hiyo.

Shada la mlangoni nalo laweza kusokotwa kwa sinendet, mmea utambaao ambao Wakalenjin huwavisha washindi na wageni wa heshima. Mikono ioshwe baadaye kwa sababu ya utomvu wake.

Watoto wa chini ya miaka mitatu wasiachiwe shanga, kwani huweza kuwakaba koo. Donge lenyewe pia lisiliwe na mtoto wala mbwa, kwa wingi wa chumvi yake.

Jina, umri na mwaka vichorwe nyuma ya kisahani kwa ncha ya msumari donge likiwa bado bichi. Wino hufifia.