Jiko la Makaa Chumbani: Hewa Inayong'ang'ania Damu

Leo tutaongea juu ya hewa ya sumu itokayo kwenye jiko la makaa, na sababu ya kwamba ikishaingia katika damu haitoki kwa urahisi.

Wakati wa baridi, hasa Juni hadi Agosti, watu wengi huingiza jiko chumbani, hufunga mlango na madirisha, kisha hulala. Makaa yakiwaka hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Usidanganyike kwamba makaa mekundu yasiyo na moshi ni salama.

Sasa tuangalie ndani ya damu. Damu yetu ni nyekundu kwa sababu ya protini iitwayo himoglobini. Fikiria himoglobini kama gari dogo lenye viti vinne, na katika kila kiti mna chembe moja ya madini ya chuma. Oksijeni huketi hapo ikitoka mapafuni, kisha hushuka kwenye ubongo, moyo na viungo vingine. Kaboni monoksaidi hukalia viti hivyo hivyo, na hushikilia kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Si kwamba inaingia haraka kuliko oksijeni. La! Shida ni kwamba ikishaketi, haitaki kushuka.

Mwaka 1896, wanasayansi wawili wa Uingereza, John Haldane na James Lorrain Smith, walieleza jambo la kushangaza. Damu yenye sumu hii, ikichanganywa na maji na kumulikwa kwa mwanga mkali, huiachilia hewa hiyo. Lakini mwanga ukiondolewa, hewa ile hurudi na kukamata chuma tena. Baadaye wanasayansi walitumia mmweko wa mwanga kupima inavyorudi, wakaona inaweza kurudi kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho.

Kwa nini irudi? Kwa sababu haikwenda mbali. Ukimwinua abiria kitini na mlango wa matatu umefungwa, ataketi tena. Ni lazima umshushe, na kiti kichukuliwe na mwingine.

Hivyo ndivyo tunavyomtibu mgonjwa. Kumlaza juani si dawa, kwa maana mwanga wa jua hauifikii damu yote mwilini. Maziwa pia hayaiondoi sumu hii. Dawa ni oksijeni. Mtu akitolewa nje na kuvuta hewa ya kawaida, nusu ya sumu hutoka kwa muda wa saa 4 hadi 5. Akipewa oksijeni safi hospitalini, muda huo hupungua hadi kama saa 1 na nusu.

Basi, zingatia haya:

1. Usilale na jiko la makaa ndani ya nyumba, hata kama limebaki majivu ya moto.

2. Watu kadhaa nyumbani wakiumwa na kichwa, wakipata kizunguzungu au kutapika kwa pamoja, msiseme ni malaria au chakula. Tokeni nje mara moja.

3. Ukimkuta mtu amezimia, fungua mlango na madirisha, mtoe nje upesi, kisha mpeleke hospitalini hata akizinduka. Mama mjamzito asikawie hata kidogo, kwa sababu sumu hii humfikia mtoto tumboni.

4. Mwambie daktari au muuguzi kwamba kulikuwa na jiko chumbani. Kile kipimo cha kubana kidoleni hutumia mwanga, na mara nyingi hushindwa kutofautisha sumu hii na oksijeni. Kinaweza kuonyesha kwamba mambo ni sawa kumbe mgonjwa yuko hatarini.

Mpenzi msikilizaji, usiku wa leo ongeza blanketi, jiko libaki nje. Kwaheri hadi kipindi kijacho.