Kocha Yuko Dubai, Ada Inaingia Nairobi: Jinsi ya Kuendesha Biashara Yako Ukiwa Nje ya Nchi

Kazi ya ukocha imehamia kwenye skrini. Anayewafanyisha watu mazoezi ya mwili, anayewaandaa kwa mahojiano ya kazi, anayewashauri wenye biashara ndogo, wote siku hizi wanaweza kukutana na wateja wao kwa vidio. Kwa hivyo mtu akipata safari ya miezi mitatu, iwe ni kumtembelea dadake Dubai au kusoma kozi fupi London, hafikirii kufunga biashara. Anabeba laptopu na ratiba yake, anaondoka.

Kufundisha ukiwa mbali kwa kweli si kazi ngumu. Mambo huanza kuharibika upande wa pesa. Mteja anasema "nimetuma", wewe huoni kitu. Laini haishiki mtandao. Benki imetuma namba ya siri kwa simu iliyopotea uwanja wa ndege. Na mteja aliyelipa ada ya miezi mitatu mbele anaanza kujiuliza kama pesa zake zimeenda na ndege.

Wengi hutuuliza, "Laini yangu itafanya kazi huko?" Ni swali zuri. Lakini kabla yake jiulize hili: laini hiyo ikizima leo, wateja wako watalipaje kesho? Ukiwa na jibu la hilo, safari njema. Kama huna, endelea kusoma.

Laini moja, kazi nne

Ebu hesabu kazi ambazo laini yako inafanya. Inapokea ada za wateja. Inapokea ujumbe wa kuthibitisha malipo. Inapokea namba za siri za mara moja kutoka benki na barua pepe. Na ndiyo namba ya WhatsApp ambayo wateja wote wanaijua.

Ukiwa Nairobi simu ikiibwa, unaenda dukani na kitambulisho, na mara nyingi unarudi nyumbani na laini mpya siku hiyohiyo. Ukiwa nje ya nchi, duka hilo liko mbali. Tena kama ulifunga laini yako isibadilishwe na mtu yeyote bila wewe mwenyewe kufika dukani, kinga hiyo sasa inakuzuia hata wewe. Tusieleweke vibaya: kinga hiyo ni nzuri, na tunakushauri uiweke kabla ya kusafiri, kwa sababu matapeli hupenda laini ambayo mwenyewe yuko mbali. Tunachosema ni kwamba biashara isitegemee laini hiyo peke yake.

Hamisha ada kutoka laini ya mfukoni

Hatua ya kwanza ni kutenganisha pesa za biashara na pesa zako. Kuna njia mbili ambazo Wakenya wengi wanazijua: Till na Paybill. Zote zinapokea pesa hata kama simu yako imezimwa, kwa sababu pesa zinaingia kwenye akaunti ya biashara. Tofauti yao ni ndogo lakini kwa kocha ina maana kubwa.

Till haina nafasi ya namba ya akaunti. Mteja anaweka namba ya Till, kiasi na PIN, basi. Ni rahisi kwa duka, ambapo mnunuzi amesimama mbele yako. Paybill inamwomba mteja aweke pia namba ya akaunti. Kwa hivyo unaweza kumpa kila mteja namba yake, kwa mfano K07, na ukiamka asubuhi unaona K07 amelipa, K11 bado. Ukiwa na wateja watano, Till inatosha. Ukifika ishirini, na wengine wanalipiwa na waume, wake au wazazi wao, majina kwenye ripoti hayatafanana na majina kwenye daftari lako. Hapo Paybill itakuokoa maumivu ya kichwa.

Kuna sababu nyingine ya kuhama. Laini ya mtu binafsi ina kikomo. Kwenye M-Pesa, tangu Agosti 2023 akaunti ya mtu binafsi haiwezi kubeba zaidi ya shilingi 500,000, na muamala mmoja hauzidi 250,000. Tuseme una wateja 20 na kila mmoja analipa 8,000 kwa mwezi. Umewaomba walipe miezi mitatu mbele kabla hujaondoka: 24,000 mara 20 ni 480,000. Ongeza pesa za nauli ulizokuwa nazo tayari, umefika ukutani. Mteja wa mwisho anajaribu kulipa, muamala unakataa, naye anadhani shida iko kwake.

Mtu wa pili, lakini si mwenye kutoa pesa

Hatua ya pili: chagua mtu mmoja nyumbani anayeweza kuona malipo. Akaunti nyingi za biashara zinakuruhusu kuongeza msaidizi mwenye namba na PIN yake mwenyewe. Mpe haki ya kuona miamala na kujibu wateja, usimpe haki ya kutoa pesa. Na tafadhali, usimwachie mtu simu yako na PIN yako, hata kama ni ndugu wa damu. Sababu haihusu uaminifu wake hata kidogo. Pesa zikipotea, hakuna njia ya kuonyesha ni nani aliyebonyeza, na hata yeye hataweza kujitetea.

Pesa zenyewe zipangie safari ya kila wiki kwenda akaunti ya benki. Zikikaa kwenye mkoba wa simu bila kazi, zinamvutia tapeli tu.

Laini ya Kenya ukiwa ugenini

Sasa turudi kwa lile swali la laini. Kabla ya kuondoka, uliza mtandao wako mambo matatu: huduma ya kutumia laini nje ya nchi imewashwa? Nchi unayoenda imo? Kupokea ujumbe mfupi na kupokea simu kunagharimu kiasi gani? Ukiwa nje, kwa kawaida hata simu unayopigiwa unakatwa wewe, kwa hivyo waambie wateja wasikupigie kwa namba hiyo.

Mpango unaofaa wengi ni huu. Laini ya Kenya ibaki ndani ya simu, data yake ikiwa imezimwa, kazi yake iwe kupokea ujumbe tu. Kwa intaneti, nunua laini ya nchi uliyofika au eSIM, ambayo haina kadi ya kuingiza. Programu za malipo zitumie kupitia intaneti hiyo, na usifungue akaunti ya biashara kwa waifai ya bure ya hoteli au uwanja wa ndege.

Pia usiache laini ilale. Laini ya malipo ya kabla isiyotumika kwa muda mrefu inaweza kufungwa, na baadaye namba ikapewa mtu mwingine. Muda hutegemea mtandao. Nunua muda wa maongezi kidogo kila mwezi na utume ujumbe mmoja.

Ujumbe si pesa

Ukiwa mbali, utapata mitihani. Mtu atakutumia picha ya ujumbe wa malipo. Mwingine atasema ametuma kwa makosa, umrudishie haraka kwa namba nyingine. Ukiwa na usingizi wa safari na saa zimekuvuruga, ni rahisi kusema "sawa" na kutuma.

Weka sheria moja: hakuna kikao wala marejesho mpaka malipo yaonekane kwenye taarifa ya akaunti yenyewe. Picha haihesabiki, na ujumbe uliotoka kwa namba ya kawaida hauhesabiki. Na ukirudisha pesa za mteja halali, rudisha kupitia akaunti ileile ya biashara iliyopokea, si kutoka mfukoni mwako. Namba ya muamala inabaki, na hesabu zako zinakubaliana mwisho wa mwezi.

Saa ya mteja ndiyo saa

Malalamiko mengi ya kurudishiwa pesa huanza na kikao kilichokosekana, na kikao hukosekana kwa sababu ya saa. Kenya haibadilishi saa mwaka mzima. Nchi nyingine hubadilisha.

Chukua kikao cha saa moja jioni Nairobi. Dubai ni saa mbili usiku, kila mwezi. London mwezi wa Januari ni saa kumi alasiri, lakini kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi ni saa kumi na moja jioni. New York ni saa tano asubuhi wakati wa baridi, na saa sita mchana kuanzia Jumapili ya pili ya Machi. Andika ratiba yote kwa saa za Nairobi, mteja asilazimike kupiga hesabu. Anayesafiri ni wewe, kwa hivyo hesabu ni zako.

Jaribu pia programu ya vidio kabla ya kuahidi. Falme za Kiarabu zimezuia simu za sauti na vidio za WhatsApp kwa miaka mingi, ingawa ujumbe wa maandishi unapita. China, kwenye intaneti ya kawaida, WhatsApp na huduma za Google hazifunguki. Uwe na njia ya pili ambayo wateja wameshaijaribu ukiwa bado nyumbani.

Ukipata wateja huko

Huenda ukarudi na wateja wapya. Wao hawana Till wala Paybill. Wanaweza kulipa kwa kadi kupitia kiungo cha malipo unachowatumia, au kwa kampuni za kutuma pesa kama WorldRemit, Remitly na Western Union, ambazo hufikisha pesa hadi simu ya Kenya. Linganisha mambo mawili: makato yanayoonekana, na bei wanayotumia kubadilisha fedha. Hilo la pili ndilo hula pesa kimyakimya.

Amua pia unatoza kwa sarafu gani. Januari 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160. Kufikia Agosti mwaka huohuo ilikuwa karibu 129. Kikao cha dola 100 kilikuwa kimekupa 16,000, kikawa 12,900, kazi ni ileile. Kodi ya nyumba yako Nairobi haikupungua. Kama matumizi yako mengi yako Kenya, panga bei kwa shilingi, au pitia bei ya dola kila baada ya miezi mitatu na uwaambie wateja mapema.

KRA na visa havijaenda likizo

Kuwa nje hakukuondolei kodi. Kama una makazi ya kudumu Kenya na ulikuwa nchini kwa muda wowote ndani ya mwaka huo, sheria inakuhesabu mkazi kwa mambo ya kodi. Na kama wateja wako ni kampuni, watakudai ankara ya eTIMS, kwa sababu tangu Januari 1, 2024 gharama isiyo na ankara hiyo kwa kawaida haikubaliwi kwenye hesabu zao za kodi. Ankara hiyo unaweza kuitoa mtandaoni ukiwa popote.

Upande wa visa, usidhani visa ya utalii ni kibali cha kazi. Kila nchi ina sheria zake. Falme za Kiarabu, kwa mfano, zina visa ya mwaka mmoja kwa wanaofanya kazi za mbali, na moja ya masharti ni kuonyesha mapato yasiyopungua dola 3,500 kwa mwezi. Uliza ubalozi kabla ya kukata tiketi.

Kabla hujafunga begi

- Wahamishe wateja wote kwenye Till au Paybill, na uone kila mmoja amelipa huko angalau mara moja.
- Ongeza msaidizi, bila haki ya kutoa pesa.
- Hamisha namba za siri za barua pepe kwenda programu ya uthibitisho, zisitegemee ujumbe mfupi.
- Andika kwa wateja sheria ya kikao kilichokosekana: kinarudiwa lini, na pesa zinarudishwa lini.
- Weka namba za msaada za benki na mtandao wako kwenye karatasi. Simu ikiibwa, namba zilizo ndani yake zimeenda nayo.

Na wiki moja kabla ya safari, fanya zoezi hili: zima laini yako kuanzia asubuhi hadi jioni, ukiwa hapahapa. Mwombe mteja mmoja alipe. Jioni, kabla hujaiwasha, muulize msaidizi wako nani amelipa na kiasi gani. Akijibu sawasawa, biashara yako iko tayari kubaki nyumbani wewe ukisafiri. Akikwama, umelijua tatizo ukiwa Nairobi, ambako duka la mtandao liko mtaa wa pili na dawa yake ni ya dakika chache.