Stata inayosingiziwa

Land Rover ya petroli ya miaka ya 1960 ikilala uani miaka kadhaa, siku ya kuijaribu injini mara nyingi husikika "ta!" moja, kisha kimya. Papo hapo stata inashushwa na kupelekwa kwa fundi wa kusuka mota. Huko ni kutupa fedha. Chanzo mara nyingi kipo kwenye nyaya, na kinapimika gari likiwa limesimama palepale.

Kabla ya kugusa swichi, vuta hendibreki, toa gia, toa plagi, chomeka hendeli na zungusha injini kwa mkono. Ikigoma hapo, mara nyingi pistoni zimeshika kutu, wala si stata. Ikizunguka, rudisha plagi, kisha chomoa waya mkubwa wa koili uufunge kwenye chuma ili injini isiwake wakati unapima.

Betri iliyojaa husoma volti 12.6 ikiwa imetulia. Stata inapozungusha injini, volti zisishuke chini ya 9.6.

Sasa tuje kwenye nyaya, ambako watu wengi hudanganyika. "Taa zinawaka vizuri, honi inalia, kwa hiyo umeme upo." Taa kubwa mbili hazivuti hata ampea 10, stata huweza kuvuta 200. Kiungo chenye kutu, chenye ukinzani wa ohm 0.01 tu, kitazipunguzia taa chini ya volti 0.1, na jicho halitaona tofauti. Stata kitainyang'anya volti 2. Basi taa si shahidi wa kutegemewa hata kidogo.

Kiungo kinachosahaulika kuliko vyote ni ethi ya injini. Injini imekalia raba, haigusani moja kwa moja na chasisi, kwa hiyo umeme wa stata hutegemea mkanda mmoja wa shaba. Mkanda ukikatika, umeme hutafuta njia nyingine, hata kupitia waya wa choki. Ukiushika ukaukuta wa moto baada ya kupiga stata, ugonjwa umeuona.

Kupima ni rahisi. Weka ncha moja ya mita kwenye nguzo ya betri iliyounganishwa na chasisi, kwenye risasi yenyewe wala si kwenye kibano chake, na ncha nyingine kwenye mwili wa stata. (Angalia vizuri: nyingi za zamani hizo zina chanya kwenye chasisi.) Mwenzako apige stata. Mita ikizidi volti 0.3, fungua viungo, vikwangue ving'ae, badilisha mkanda. Upande wa waya mnene unaoingia stata, hadi 0.5 inavumilika.

Stata ikivuma peke yake bila kushika injini, bendiksi, yaani gia ndogo ya stata inayosogea kushika injini, imenata kwa vumbi. Ioshe kwa mafuta ya taa, wala usiipake grisi, maana grisi hukamata vumbi upya. Meno yake yakiumana na ya injini yakakwama, zima swichi, achia hendibreki, tia gia ya juu, sukuma gari mbele na nyuma mpaka yaachiane.

Vipimo vikiwa safi na bado haizunguki, hapo ndipo ishushwe. Anza na kaboni: tazama urefu wake na nguvu ya springi. Kisha bushi za shaba. Zikilika, rota hukwaruza mwili wa stata na kuzunguka kwa uzito.