Tusiwalaumu Vijana kwa Uzazi Mdogo Kabla ya Kuwasaidia



Katika barza za Malindi, Mambrui na Takaungu, mazungumzo ya baada ya Alasiri hayakosi lawama hii: vijana wa leo huzaa watoto wawili wakatosheka, ilhali nyanya zao walizaa wanane na kumi. Wengine huharakia kusema kuwa imani juu ya rizki imedhoofu. Twaona yafaa tulitazame jambo hili kwa insafu.

Kupungua kwa uzazi ni kweli. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alikadiriwa kuzaa watoto 8 maishani mwake. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 ulipata wastani wa 3.4. Mabadiliko haya ni ya nchi nzima, wala si ya Waislamu wa pwani peke yao.

Wahenga walisema: kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Zamani kazi hiyo ilikuwa na mikono mingi. Nyumbani mlikuwa na nyanya, shangazi na mawifi. Mzazi akikaa arubaini hakutia mkono jikoni. Leo mume na mke wamepanga chumba mbali na jamaa, na mwezi ukiandama kodi yangoja. Mtoto aliyemsaidia baba shambani na baharini sasa yuko shule, nayo yataka karo na sare. Mabinti wasoma hadi Chuo Kikuu cha Pwani, nao huolewa wakiwa wamekomaa. Ajira za hoteli nazo hufuata msimu wa watalii. Mwaka 2020, korona ilipozuia ndege, nyumba nyingi za Malindi zilikosa mshahara.

Surat Al-Israa yatukataza kuwaua watoto kwa kuchelea ufukara, na Mwenye kuruzuku ni Allah. Lakini kupanga nafasi baina ya watoto si kuua. Jabir (r.a.) amesimulia kuwa masahaba walifanya azl zama Qur'ani ikiteremka, na Imam Al-Ghazali aliijuzisha. Walichokataza wanazuoni wengi ni kukata kizazi kabisa pasi na dharura. Hayo ni ya mume na mke kushauriana.

Kwa hiyo, mama zetu, msimwulize mke wa mwana kila mkutanapo arusini, "Bado tu?" Huenda ni mwenye kungoja majaaliwa, na Surat Ash-Shuuraa yatwambia kuwa Allah humpa amtakaye, na amtakaye humfanya tasa. Mwulizeni badala yake ni nani atakayempikia arubaini yake. Wenye mabinti, punguzeni gharama za arusi, wasianze ndoa kwa deni. Wenye uwezo, mlipieni karo mtoto wa jirani.

Anayetamani kuuona umma ukiongezeka na aanze kwa kumbeba mtoto aliyekwisha kuzaliwa. Allah atujaalie kizazi chema na atupe nguvu za kukilea. Aamin.